Bendera Mbili za Zebedayo

Zebedayo alizaliwa milimani, upande wa Mlalo, katika nyumba ya Kilutheri ambamo hata jogoo akiwika wakati wa sala alitazamwa vibaya. Alipofikia umri wa kulipa kodi alishuka kutafuta kazi, akaipata katika shamba la mkonge lililokuwa kati ya Muheza na Tanga mjini. Alikata mkonge mpaka siku mwiba ulipomchoma jicho la kushoto. Jicho halikufa, ila tangu siku hiyo lilitoa machozi lenyewe, hata mtu akimsimulia jambo la kuchekesha. Mnyapara wake, Jumbe, Mdigo mwenye kofia safi na maneno mengi, alisema kwamba mtu anayelia mbele ya mkonge anawavunja moyo wenzake. Basi akatafutiwa kazi nyingine, nayo ikawa kazi ya bendera.

Meneja wa shamba, Mzungu mmoja mnene ambaye watu walimwita Bwana Jasho, alikuwa na hofu mbili duniani: moto na radi. Moto, kwa sababu katani, yaani nyuzi za mkonge, ikishakauka juu ya waya huwaka kama nywele. Radi, kwa sababu iliwahi kumuua punda wake mchana kweupe, naye akiwa ameshuka mgongoni muda huo huo tu. Akasimamisha mlingoti mbele ya ofisi na kutunga sheria. Kila asubuhi karani Ernesti apokee simu kutoka mjini yenye habari za hali ya hewa ya pwani yote, tangu Horohoro mpaka Pangani, kisha amwambie Zebedayo bendera ya kupandisha. Nyekundu ilikuwa hatari ya moto: watu wasipike wala wasivute sigara, na kila mtu atoke nje na ndoo ya maji akae tayari. Ya buluu ilikuwa radi: kila mtu atupe panga, aingie ndani, wala asiguse chuma wala simu. Na bendera ikishapanda haishuki mpaka simu nyingine ije. Atakayeishusha kwa akili zake afungashe virago.

Zebedayo aliipenda kazi ile. Alizifua bendera zake, akazianika kivulini zisipauke, akazipiga pasi.

"Mimi hujanipigia pasi hata kanga," mkewe, Bibiana, alimwambia. Alikuwa binti wa Wangoni wa Kikatoliki waliokuja shambani kama manamba, vibarua wa mkataba.

"Kanga yako haiokoi watu, Mama Lea," Zebedayo akajibu, wala hakutania.

Mambo yakaenda vizuri mpaka mwishoni mwa kiangazi cha mwaka hamsini na tatu. Joto lilikuwa kali mno. Majani ya kilimani yalikuwa yamekauka yakawa yanalia yenyewe, na upande wa bahari mawingu yalijipanga bila kushusha hata tone. Asubuhi moja Ernesti alitoka ofisini polepole, kama mtu aliyebeba yai.

"Ipi leo?" Zebedayo akauliza.

"Zote."

"Zote mbili?"

"Wamesema mvua za radi pwani nzima, na hatari kubwa ya moto mpaka mvua zenyewe zifike. Zote, Zebedayo. Usiniulize zaidi, na mimi nilikata simu bila kuuliza."

Zebedayo akazipandisha. Kambi nzima ikasimama kuzitazama. Jumbe akaja mbio, kofia mkononi.

"Wewe Mshambaa, tutoke au tuingie?"

"Nyekundu inasema tokeni. Buluu inasema ingieni."

"Mkubwa nani kati yao?"

"Nyekundu iko juu."

"Kwa hiyo tufuate nyekundu."

"Hapana, iko juu kwa sababu nilianza nayo."

Jumbe alifikiri sana, kisha akatoa uamuzi. Kila mtu asimame mlangoni pake, mguu mmoja nje na mguu mmoja ndani. Mkono wa nje ushike ndoo, wa ndani ushike mlango. Jua halijapanda sana, kambi nzima ilikuwa imesimama hivyo, safu kwa safu, kimya. Bwana Jasho akapita na pikipiki yake. Akasimama, akafungua kinywa, akakumbuka sheria ni zake. Akaenda mpaka ofisini, akasimama mlangoni, mguu mmoja nje na mguu mmoja ndani.

Ikawa taabu. Mguu wa nje ukichoka, mtu alilazimika kugeuka ili abadilishe, na akigeuka anatazama ndani, moto anaupa kisogo. Watu wakaanza kugombana juu ya nani ageuke lini. Bibiana peke yake hakusimama popote. Zebedayo alimkuta uani anachochea kuni chini ya sufuria.

"Mama Lea, zima moto!"

"Kazime radi kwanza, halafu uje tuzungumze. Mtoto ana njaa."

Alasiri radi zikaanza, kavu, bila mvua. Moja ikapiga kilimani, kwenye shamba kuukuu lililoachwa na mashina yake marefu makavu ya maua ya mkonge. Moshi ukafuka, kisha ndimi za moto zikaonekana, zikiteremka taratibu kuelekea kwenye nyaya za katani. Hakuna aliyesogea. Watu wote, mguu nje mguu ndani, waligeuza vichwa wakazitazama bendera.

Upepo ulikuwa umezisokota pamoja kama kilemba. Zebedayo alihisi macho yote yakimwangukia. Akamwita Ernesti apige simu mjini kuuliza. Ernesti akaonyesha kwa kidole ile ya buluu: simu haiguswi. Bwana Jasho akageuka akatazama ndani.

Hapo Bibiana akapita na ndoo kichwani. "Baba Lea," alisema bila kusimama, "moto ule unajua kusoma bendera?"

Akashika njia ya kilimani. Zebedayo akautazama mgongo wa mkewe ukipanda kuuendea moshi, na radi nyingine ikapasuka juu yake. Mikono yake ilifungua kamba kabla hajaamua. Akaishusha ile ya buluu, akaitosa kwenye pipa la maji, akakimbia nayo ikichuruzika.

"Buluu imeshuka!" Jumbe akapiga kelele, na kambi yote ikamwagika nje.

Waliupiga moto kwa matawi, kwa magunia, kwa mchanga. Zebedayo aliupiga kwa bendera, bega kwa bega na Bibiana, akilia kwa macho yote mawili, mpaka kitambaa kikaungua na kuacha pindo tu mkononi mwake. Nyaya za katani zilikuwa karibu kiasi cha kuzitemea mate. Ndipo mvua ikaja yote kwa pamoja, moto ukafa ukitoa sauti kama ya kitumbua kinachoingia mafutani.

Lakini nyekundu ilikuwa bado juu, na ya buluu imekuwa majivu. "Sheria inasema tukae nje," Jumbe alitangaza. Basi wakakaa nje, mvua ikiwapiga, kila mtu na ndoo yake iliyojaa, wakikilinda kilima kilicholowa. Waya wa simu ulikuwa umeangukia mtoni, kwa hiyo hakukuja habari ya kuishusha. Siku zilizofuata mvua haikukatika. Wanaume walizunguka na ndoo chini ya majani ya migomba, hakuna aliyepika waziwazi, na Bwana Jasho alionekana barazani akila samaki wa kopo baridi, kiko mdomoni hakina moto.

Hatimaye akaja mlingotini na mwavuli.

"Zebedayo, unaonaje? Hatari ya moto bado ipo?"

Zebedayo alisimama ndani ya maji, na pembeni yake chura amekalia ndoo. "Simu haijaja, Bwana."

"Nakuuliza wewe."

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Akatazama huku na huku, asije akakosea. "Naona, Bwana, imepungua."

"Imepungua," meneja akarudia kwa faraja. "Basi ishushe kidogo."

Zebedayo akaishusha mpaka nusu ya mlingoti. Sasa, mwaka uliotangulia, alipofariki Mfalme wa Waingereza, watu wa shamba walikuwa wamefundishwa maana ya bendera nusu mlingoti. Jumbe alipoiona akavua kofia. "Nani?" akanong'ona. Hakuna aliyejua, na kuuliza hadharani kungekuwa utovu wa adabu. Wanawake wakaanza kulia. Watu wakaenda kwa safu nyumbani kwa meneja, wakampa mkono mmoja mmoja, wakisema pole Bwana, kazi ya Mungu. Naye, alipoona watu wazima wanamlilia, na yeye akatokwa na machozi, akashukuru, akatoa gunia la mchele na mbuzi wawili.

Msiba ni msiba, waombolezaji lazima wale. Mafiga yakawashwa kambi nzima chini ya bendera nyekundu, wala Jumbe hakusema neno; yeye ndiye aliyechinja. Wakatoliki walisali rozari, Walutheri wakaimba, Waislamu wakasoma dua, na pilau likatosha wote.

"Baba Lea," Bibiana akamnong'oneza mumewe, "tunamlilia nani?"

"Kula," Zebedayo akasema.

Simu ilipotengenezwa, Bwana Jasho alimpa Ernesti baiskeli azunguke akitangaza habari kwa mdomo. Kuhusu kufungashwa virago hakuna aliyekumbusha. Zebedayo akahamishiwa kwenye banda la brashi, mahali pa kusafishia katani kwa mashine, kufunga marobota yake. Lilikuwa banda lenye kelele na vumbi, paa la bati, dirisha hakuna. Wenzake walilalamika kwamba humo hujui kama nje ni jua au ni mvua. Yeye alifanya kazi humo miaka mingi, na Bibiana husema hajapata kumwona ananenepa vile.