Waya wa Taa ya Oili

Siku hiyo bado ninaiona, mwanangu. Asubuhi ya hapa kwetu Manyatta yenye baridi ya kung'ata masikio, na mume wangu Nyaga ameinama mbele ya pikapu yetu pale uani, amechomoa kijiti cha kupimia oili na kukiinua juani. "Imejaa," akasema, akakipangusa kwa kitambaa na kukirudisha. Mimi nilikuwa nimebana kofia ngumu ya mbio kwapani, chai haijashuka tumboni vizuri. Nilimwamini. Na kwa nini nisimwamini? Yeye ndiye aliyekuwa fundi, mimi nilikuwa dereva.

Naam, mimi ndiye niliyekuwa dereva. Usicheke. Haya magoti unayoyasikia yakilalamika nikiinuka kitini yalikanyaga klachi kwenye viwanja vya vumbi kutoka Embu hadi Meru, na wapo wanaume waliorudi kwao wakiwa wamekula vumbi langu. Nimesikia wewe na wenzako mnatengeneza gari la mbio huko Nkubu. Nimefurahi, na pia nimeogopa. Kwa hiyo keti, uji uko kwenye chupa, nikueleze jambo. Mimi sina haraka. Siku hizi hakuna mtu anayeningoja popote.

Pikapu ile haikuwa ya mchezo. Siku za kazi ilibeba maziwa ya majirani hadi Embu mjini, na ikirudi ilibeba chakula cha ng'ombe, saruji, mgonjwa, hata jeneza. Ndiyo iliyotulisha. Siku ya mbio Nyaga alifungua keria ya mizigo akaiondoa, akakaza mikanda, nami nikapanda. Injini ilikuwa ile ile moja. Ikivunjika uwanjani, Jumatatu maziwa ya watu yangelala, na sisi tungelala njaa. Wale waliotupigia makofi hawakulijua hilo, lakini mimi nilikuwa nalo kifuani kila nilipowasha gari.

Uwanja ulikuwa kule chini, upande wa Kiritiri, ambako nchi ni tambarare na jua halimwonei mtu huruma. Sisi wa mlimani tukishuka huko Mbeere huwa tunavua masweta njiani. Wanaume walikaa upande mmoja wakichoma mbuzi na kubishania injini, na wake zao wakakaa upande wa pili penye sufuria. Mimi sikuwa wa huku wala wa kule. Wanawake waliona nimejitia uanaume, na wanaume walinyamaza nilipokaribia. Nikala mkate wangu nimeegemea gurudumu, peke yangu, nikijifanya nakagua matairi. Nilikuwa mpweke, mwanangu, na mume wangu yuko hatua chache tu kutoka niliposimama.

Duru ya kwanza ilienda vizuri, isipokuwa jambo moja. Uwanja ule ulikuwa na kona ndefu ya mkono wa kushoto, kona isiyokwisha. Unageuza usukani na kuushikilia hivyo hivyo, gari limelalia upande, mguu uko chini. Katikati ya kona ile taa nyekundu ya oili ikakonyeza. Nilipotoka kwenye kona ikazimika. Mzunguko uliofuata, pale pale, ikakonyeza tena.

Nilipoegesha nilimwendea Nyaga pale penye nyama. Nikamwambia, "Taa ya oili inakonyeza kwenye ile kona ndefu."

"Ni waya tu. Hii njia imeutikisa."

"Si upime kwanza?"

"Wawira, nilipima asubuhi. Si uliniona?"

Rafiki yake mmoja akasema mwanamke akiona taa nyekundu hudhani ni jehanamu. Wakacheka wote, na Nyaga akacheka nao. Kicheko cha wale wengine nilikizoea, lakini chake kiliniuma sana. Kisha akaja, bado anatafuna, akafungua boneti, akaingiza mkono na kuchomoa waya wa ile taa.

"Haya," akasema, "sasa haitakusumbua."

Ngai, Mungu wangu! Nikikumbuka mkono ule ukitoka mle ndani umeshika waya, hadi leo damu inanichemka. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Huyu wetu hakuudharau mwiba, aliufunika kwa kiatu.

Basi duru ya pili ikaanza, na taa yangu iko giza. Ukiwa ndani ya ile kofia, mwanangu, dunia nzima inakuacha. Unasikia pumzi zako na injini basi. Nilianza wa tatu, nikawa wa pili, na tulipoikaribia kona ndefu kulikuwa na gari moja tu mbele yangu. Nikaingia. Katikati ya kona nikasikia mlio mkavu kutoka chini ya injini, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Ilikuwa sauti ya chuma kinachosugua chuma bila mafuta katikati yake. Hakuna mtu mwingine uwanjani aliyeisikia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nyaga alikuwa ukingoni anapunga shati lake hewani. "Kanyaga! Kanyaga!" Nilimwona mdomo tu, sauti haikunifikia.

Nikaondoa mguu. Nikazima injini pale pale, nikaacha pikapu ijiendee yenyewe mpaka ikasimama kwenye vichaka vya miiba nje ya njia. Magari yote yakanipita, moja baada ya jingine, kila moja likinimwagia vumbi lake. Hakuna aliyekuja mpaka mbio zilipokwisha. Nililia ndani ya kofia, mwanangu, nasema wazi. Sikulilia ushindi. Nililia kwa sababu nilijua nimefanya jambo la haki, na nilijua vilevile kwamba hakuna hata mmoja atakayesimama upande wangu.

Nyaga alikuja akitembea haraka, shati begani. Nyuma yake, polepole na fimbo yake, alikuja baba yake, Mzee Mbogo, ambaye alikuwa ameshuka Kiritiri siku hiyo kutafuta beberu akapitia uwanjani kututazama.

"Umeniaibisha," Nyaga akaniambia. "Mbele ya watu wote. Ulikuwa wa pili! Umesimamia nini?"

"Ngoja," mzee akasema. Akanigeukia. "Mama, umesikia nini?"

Sasa elewa, hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu asubuhi. Nikamwambia yote, taa, waya, na mlio. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mwanawe, "Nyaga, toa kile kijiti tukione."

"Baba, nilipima asubuhi."

"Kitoe."

Nyaga akakichomoa, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Pale tambarare kijiti hakikuwa na la kuficha. Oili ililowesha ncha tu. Uani kwetu, mwanangu, kama kwenu Nkubu, hakuna mahali pa kuweka hata yai lisibingirike. Pikapu ililala siku zote imeelekeza pua mlimani, na oili yote ilikimbilia nyuma, upande wa kijiti. Ndiyo maana kila asubuhi ilisema imejaa. Haikujaa. Na ile kidogo iliyokuwepo, kwenye kona ndefu ilikuwa inatupwa ubavuni, pampu ikabaki inanyonya hewa.

Mimi nikaanza kuondoka, maana kwetu mzee hamkaripii mwanawe mbele ya mkewe, na mke mwenye adabu hujitenga kabla maneno hayajaanza. Mzee akanizuia kwa fimbo.

"Wewe kaa hapo, mama. Ulikaa peke yako vya kutosha." Halafu akamwambia Nyaga, wala hakupandisha sauti, "Taa ilikuambia, ukauchomoa waya wake. Mke wako akakuambia, ukamcheka. Sasa ulikuwa unataka nani akuambie?"

Nyaga akakipangusa kijiti, akakirudisha mahali pake. Alifunga boneti taratibu. Lori la mchanga lililokuwa likipanda kuelekea Embu likatuvuta kwa kamba mpaka nyumbani.

Ungedhani baada ya hapo mambo yangekuwa matamu. Wacha wee! Mwanamume aliyekaripiwa na babake mbele ya mkewe ana kidonda kibichi. Alikula, akalala, akaenda shambani, na mimi nikawa kama kiti ndani ya nyumba. Aliifungua injini mwenyewe akakuta beringi zimekwaruzika, lakini kranki, ule mhimili wenyewe wa injini, ilikuwa salama. Akamwambia jirani yetu kwamba mzunguko mmoja zaidi ungeimaliza kabisa. Kwangu hakusema. Jirani ndiye aliyeniletea habari hizo juu ya ua, na nikazipokea kama mgeni. Maziwa yalirudi barabarani. Tulikula. Lakini nyumba ilikuwa kimya hadi nikawa nazungumza na kuku.

Kisha asubuhi moja niliingia kwenye pikapu nipeleke maziwa, nikazungusha ufunguo, na usoni mwangu ikawaka taa nyekundu, kubwa, mpya, mahali pa juu ambapo hata kipofu angeiona. Kando yake Nyaga alikuwa ameweka saa ya kuonyesha nguvu ya oili. Nikamtazama kupitia kioo. Alikuwa amesimama pale bandani anasugua spana ambayo haikuwa na uchafu. Hakuwahi kuniomba msamaha kwa mdomo, mwanangu, mpaka Mungu alipomchukua. Lakini tangu siku ile, nikisema tu, "Nyaga, nasikia kitu," aliacha sahani, aliacha wageni, aliacha hata sala katikati, akainuka aje kusikia pamoja nami.

Ndicho ninachokikosa. Watu hudhani mjane anakosa mkono wa kumsaidia kuinua gunia. Watoto wangu wananipigia simu ya picha Jumapili, naona meno yao, wananiuliza kama nimekula. Ni watoto wazuri. Lakini usiku bati likigonga, au ng'ombe akikohoa vibaya, najikuta nimesema kwa sauti, "Nasikia kitu." Halafu nakaa kitandani, na hakuna anayeinuka.

Basi nisikilize. Oili ipime mahali tambarare, hata kama itabidi usukume gari mpaka uwanja wa kanisa, na uipime tena uwanjani baada ya kila duru, injini ikishatulia. Usijaze kupita alama ukidhani unalinda, ikizidi hupigwapigwa ikawa povu, na povu halilindi chuma. Asubuhi zetu ni za baridi, acha oili ipate joto kabla hujakanyaga, na mbio zikiisha zunguka mara moja polepole kabla ya kuzima. Mwambie fundi wenu aweke vibati ndani ya bakuli la oili lililo chini ya injini ili isikimbilie ubavuni kwenye kona. Ikinuka kuungua au ikiwa nyepesi kama maji, imwage, usiionee huruma.

Hayo fundi yeyote atakuambia. Langu ni hili. Taa ikiwaka, zima injini, kisha uliza. Usiwatazame walio ukingoni, wao hawaendi na gari lako nyumbani. Watakucheka, na utakaa kwenye miiba peke yako, na vumbi la wenzako litakuingia puani. Kaa tu. Na siku ambayo ni mwingine aliye kwenye usukani na wewe uko ukingoni na nyama ya mbuzi mkononi, akija kukuambia ameona kitu, weka nyama chini uende ukatazame. Hata kama ni waya. Siku nyingi itakuwa waya. Enda tu.

Inama nikushike kichwa. Mungu wa mlima huu akutangulie kwenye kona zote. Akupe sikio la kusikia mapema, na moyo wa kusimama wakati watu wote wanapiga kelele uende. Na akupe, mwanangu, mpaka uzeeni kabisa, mtu wa kuinuka unaposema umesikia kitu.