Vita Ambavyo Hatukuvipigia Kura

Asubuhi ile mimi na Wafula tulikuwa tukikaza waya wa seng'enge kwenye shamba la Kaburu, nje ya Eldoret, upande wa kuelekea Turbo. Jua lilikuwa zuri. Kaburu huyo, tajiri wetu, alitoka barazani alikokuwa akisikiliza redio, akatwambia Waingereza wameingia vitani na Wajerumani, na kwamba yeye yuko na Waingereza.

Wafula aliweka koleo chini. Alikuwa Mbukusu, mtu wa maswali, na nilimpenda kwa hilo.

"Bwana, si ulituambia baba yako alipigana na hao Waingereza huko Afrika Kusini?"

"Alipigana."

"Sasa mmekuwa marafiki lini?"

Kaburu alicheka. "Fanya kazi," akasema.

Swali lile Wafula hakuliacha. Chifu alipoleta watu wa kuandikisha askari, alijitokeza mwenyewe. Alitaka kuona jinsi mataifa yanavyochagua adui. Nami sikutaka kubaki peke yangu na seng'enge.

Tulipigana na Waitalia kule Uhabeshi. Baadaye tukaambiwa Italia imegeuka, sasa iko upande wetu. Wafula alifurahi kama mtu aliyepata kipande kingine cha fumbo. Kisha tukapelekwa Burma kupigana na Wajapani.

Bonde la Kabaw lilikuwa tope na malaria. Tulikuwa pamoja na Wahindi na Wagurkha, wale askari wa Nepali, na ndege zilituangushia chakula kutoka angani. Luteni wetu, Mwingereza kijana aliyekijua Kiswahili, alitueleza kwamba nchi ambazo raia wake huchagua serikali yao zimepatana: hatari ikija, zisaidiane, maana hakuna itakayoiweza peke yake.

"Na sisi ambao hatuchagui, Effendi?" Wafula akauliza. "Nani alipatana na sisi?"

"Hakuna," Luteni akasema. Tulimheshimu kwa kusema hivyo.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa tukivuka kijito na nyumbu wa mizigo.

Ndege wa msituni walinyamaza.

Bombomu, bunduki ya rashasha, ikalia kutoka kwenye mianzi. Nililala kifudifudi matopeni.

Wafula alikuwa mbele, bado ameshika kamba ya nyumbu. Nikamwita. Aligeuka kunitazama, akaanguka.

Tulimzika jioni, kando ya Mgurkha mmoja ambaye jina lake hatukulijua.

Vita vilipokaribia kwisha tulikuwa tumerudishwa India kupumzika. Huko niliwaona sajenti wa Kiingereza wakipiga kura kambini, mbali kabisa na kwao. Baadaye habari zikaja kwamba wamemwondoa mkubwa wa serikali yao, yule yule aliyewaongoza vitani. Nilimuuliza sajenti mmoja kama kutakuwa na mapigano London. Alinishangaa. "Mapigano ya nini? Tumempigia mwingine kura, basi."

Niligeuka nimwambie Wafula.

Niliporudi nyumbani nilikwenda Turbo kumwona mama yake Wafula. Alinipa chai, akaniuliza watu walikuwa wanapigania nini. Nikamweleza kama Luteni alivyotueleza. Nikamweleza pia habari ya ile kura. Alisikiliza huku ameinama mbele, kama mwanawe alivyozoea kusikiliza.

"Mkubwa ameondoka na hakuna mtu amekufa?"

"Hakuna, Mama."

"Kumbe inawezekana." Akaniongezea chai. "Wafula angeuliza mpaka chai ipoe."

"Angeuliza, Mama."

Nimezeeka sasa, na bado nayafikiria mapatano yale aliyotueleza Luteni. Naamini yalikuwa na maana. Uovu uliozuiwa ulikuwa uovu wa kweli. Lakini waliopatana waliulizana wao kwa wao, na mwenye swali bora niliyemjua hakuulizwa na mtu.

Siku ile, kabla sijaondoka, mama yake Wafula aliniuliza kaburi la mwanawe liko upande gani. Nilinyoosha mkono kule jua linakotokea. Akainua kigoda chake, akakigeuza, akaketi akiangalia huko.