Mama Melania na Nyumba Iliyokombolewa Miaka Minne Kabla ya Muda

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Melania anafagia jiwe. Ni mwamba mpana ulio nyuma ya vibanda vya wachimbaji, kando ya njia itokayo Geita kwenda Katoro. Analifagia kwa ufagio wa majani, kisha analifuta kwa gunia kavu, kwa sababu kiazi kikikutana na umande huota ukungu, na ukungu hauna mnunuzi.

Pembeni yake kuna madebe manne ya viazi vitamu alivyomenya jana. Anaketi, ananyoosha miguu, anachukua kisu na kuanza kukata. Vipande vinaanguka vyembamba, vyote unene mmoja, wala havitazami. Macho yake yako kwa mbuzi wa jirani. Siku tatu za jua kali na viazi hivi vitakuwa michembe, chakula ambacho mchimbaji asiye na mke huweka chini ya kitanda na kukipika kwa karanga hata mwezi wa Desemba.

"Mbuzi akija mfukuze, usimwonee haya," anamwambia mwandishi. "Hapa hata mgeni hufanya kazi."

Jina lake la ubatizo ni Euphrasia. Ana miaka thelathini na minne, watoto watatu na mama mkwe mmoja. Mume hana. Thobias alikufa kwa kifua mwaka 1951, baada ya kukohoa miaka miwili. Tangu hapo Mama Melania ndiye baba, ndiye mama, na jioni ndiye dobi wa wachimbaji, senti kumi kila shati.

Ana nyumba pia. Ni nyumba nzuri, msomaji, tusidanganyane: vyumba vinne, mlango wa mbao, mabati thelathini na mawili ambayo Thobias aliyanunua moja moja kwa mshahara wake wa mgodini. Mama Melania huufagia uwanja wake kila asubuhi. Ila halali ndani. Yeye, watoto na mama mkwe wanalala jikoni, kibanda cha nyasi kilicho nyuma, na ndani ya nyumba anaishi mtu mwingine.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1950, Thobias alipozidiwa, aliiweka nyumba rehani apate fedha za matibabu. Alipewa shilingi mia nane na Bi Mwanaima, mwanamke wa Tabora anayeuza kanga na mashuka hapo njia panda. Walikubaliana miaka kumi. Katika muda huo nyumba hupangishwa na kodi ni ya Bi Mwanaima. Mwisho wa mwaka 1960, kama mia nane hazijarudi, nyumba ni yake moja kwa moja.

"Mimi sili riba, ni haramu," anasema Bi Mwanaima, mama mnene mwenye kicheko cha karibu. "Nakula kodi." Anacheka, halafu anaacha kucheka. Anasema alishamwambia Mama Melania mara nyingi kwamba 1960 iko mbali, apumue. Hasikii.

Kweli hasikii. Tangu amzike mumewe amekuwa akipeleka shilingi kumi na mbili kwa mwezi, kwa wastani. Msimu wa michembe hupeleka ishirini, masika hupeleka tano. Sukari haijaingia jikoni mwake tangu 1953. Melania, binti mkubwa mwenye miaka kumi na mitatu, aliacha shule mwaka jana alipomaliza darasa la tatu ili asaidie kumenya. Siku mwandishi alipofika, Juni mwaka huu wa 1956, deni lilikuwa limebaki shilingi sabini na nne.

Haraka yote hiyo ni ya nini? Jibu limeketi mlangoni mwa jiko, juu ya ngozi ya ng'ombe. Ni Bi Mageni, mama yake Thobias. Miaka yake haijui mtu, macho yalizimika zamani, na mwili umebaki kidogo. Anauliza kama mgeni ameiona nyumba ya mwanawe. Mwandishi anamjibu kwamba ameiona, ni nzuri.

"Mvua ikinyesha naisikia kwenye mabati ya mwanangu," anasema bibi. "Mimi niko huku kwenye nyasi."

Katika ukoo wa Thobias, mama mtu mzima hulazwa ndani ya nyumba ya mwanawe siku zake za mwisho, na siku ya kuondoka hutolewa kwa mlango wa mbele. Jikoni hutoka majivu, wanasema, hapatoki mzee. Bi Mageni hana mwana mwingine wala nyumba nyingine. Thobias alipokuwa anakata roho alimshika mkewe mkono akamwomba jambo moja tu, kwamba mama yake asifie jikoni. Mama Melania aliitikia. Kwa hiyo hashindani na mwaka 1960. Anashindana na pumzi za bibi.

Kuna njia ya mkato iliyojaribiwa ikashindikana. Mpangaji wa sasa, Cornel, fundi mitambo kutoka Tukuyu, ni kijana mwenye utu. Masika yaliyopita, jiko lilipovuja, alimkaribisha bibi alale chumba cha mbele hata mwaka mzima. Bi Mageni alimshukuru vizuri, wabeja, wabeja sana, akakataa katakata. Alisema nyumba ya mwanawe haingii kwa kuazimwa.

Jioni ile alipita mfugaji na kibuyu cha maziwa, chupa moja senti ishirini. Bi Mageni aliisikia sauti yake tokea mbali. Hawa ni watu wa ng'ombe. Maziwa kwao si kinywaji tu.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, polepole, "leo maziwa yamenijia mdomoni."

"Subiri, mayu," Mama Melania alimjibu kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma. "Tukiingia ndani utakunywa."

Mfugaji akapita. Mwandishi aliliandika neno lile la Mama Melania katika daftari lake na kulipigia mstari, akiona ni ushahidi wa moyo wa kujinyima, jambo la kupendeza wasomaji. Leo anaona aibu kuuona mstari ule.

Walipoagana, Mama Melania alikuwa na hesabu yake kichwani. Jiko la wafanyakazi wa mgodini lilishaagiza madebe kumi na mawili kwa shilingi nne debe. Jua la Julai likishika vizuri, kabla ya Agosti kwisha bibi atakuwa ndani. Alisema hivyo huku akicheka, akamtania mwandishi kwamba akirudi atakuta amefungiwa mlango wa mbao, itabidi abishe hodi kama watu wa mjini.

Mwandishi alirudi wiki ya pili ya Septemba. Mwamba ulikuwa mtupu, pamoja na kwamba jua lilikuwa kali na viazi bado vilikuwepo mashambani. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mama Melania alikuwa jikoni, amenyolewa nywele.

Bi Mageni alifariki Jumapili ya tarehe ishirini na tisa Julai. Siku hiyo Mama Melania alikuwa ameondoka mapema kupeleka madebe sita ya michembe. Alirudi saa tisa alasiri na shilingi zake zimefungwa kwenye pindo la kanga, akiwa na furaha, kwa sababu deni lilikuwa limebaki shilingi thelathini na nane tu na mkononi alikuwa na ishirini na nne. Melania alikuwa amesimama njiani akimngoja. Bibi alikuwa amelala tangu saa sita, na hakuamka.

"Sikulia," anasema. "Nilisimama pale nikiwa nimeshika pindo la kanga. Nilikuwa nimebakiza shilingi kumi na nne."

Ishirini na nne zile hazikufika kwa Bi Mwanaima. Zilinunua sanda, mchele na chumvi ya msiba.

Bi Mwanaima mwenyewe alifunga duka akaja. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwa Cornel kumwambia chumba cha mbele kitolewe vitu, bibi alazwe ndani kama anavyostahili. Deni ni deni, akasema, na maiti ni maiti. Alimkuta Cornel ameshaanza kutoa viti bila kuambiwa. Wazee wa ukoo walifurahi. Mzee Bujiku, shemeji wa marehemu, aliyetembea siku nzima kutoka kijiji cha mbali, alisema Mungu ametenda.

Ndipo Mama Melania alipokwenda kusimama mlangoni mwa nyumba ile akawazuia wote.

"Alikataa kuazimwa akiwa na pumzi," aliwaambia. "Mimi sitamwazimia leo, wakati hawezi kusema."

Wapo waliomwona mkaidi, na wapo waliosema maneno makali zaidi ambayo gazeti halitayaandika. Yeye hakubanduka. Mzee Bujiku alimtazama muda mrefu, akavua kofia, akasema basi, huyu ndiye aliyekaa naye. Bi Mageni alililiwa uani, akatoka kwa mlango wa jikoni, ambao ni mfupi hata wabebaji waliinama. Alizikwa kando ya mwanawe.

Watu walikuja wengi kuliko alivyotegemea. Wachimbaji waliofuliwa mashati, waliokula michembe yake, watu wa Kahama, watu wa Biharamulo, Wakristo kwa Waislamu, kila mmoja alipita kwenye ungo uliowekwa mlangoni akaacha alichonacho. Wanawake wa jirani walileta unga na kuni zao, hivyo fedha ya ungo haikuguswa. Siku ya nne, matanga yalipoanuliwa, Mzee Bujiku aliuhesabu ungo mbele ya wote. Zilikuwa shilingi arobaini na moja.

Mama Melania alizikataa. Alisema zigawiwe wazee, au zinunuliwe mbuzi, yeye hawezi kuzishika. Mzee Bujiku alizifunga katika kitambaa akamwekea mapajani.

"Zimeletwa kwa ajili yake," alisema. "Zipeleke kule alikokuwa anakwenda."

Tarehe tatu Agosti, Mama Melania alitembea hadi njia panda na kuweka shilingi thelathini na nane juu ya meza ya Bi Mwanaima, mashahidi wawili wakiwapo. Alipewa karatasi yenye alama ya dole gumba la Thobias. Bi Mwanaima, ambaye kwa wino wa karatasi ile angeweza kuipata nyumba 1960, alilia kuliko mteja wake. Cornel alihamia kambini mwisho wa mwezi, akaacha ufunguo na chumba kimefagiliwa.

Kwa hesabu za karani, hapa pana ushindi: mjane mwenye watoto watatu, deni la shilingi mia nane, miaka minne na zaidi kabla ya muda. Mwandishi alijaribu kumpongeza. Mama Melania alimwacha amalize, kisha akatoa hesabu yake mwenyewe, ambayo hakuna karani aliyemwomba.

Angekwenda polepole hadi 1960, alisema, ingetosha kutoa shilingi saba kwa mwezi. Yeye alitoa kumi na mbili. Tofauti ni shilingi tano. Chupa ya maziwa kila siku, kwa mwezi mzima, ni shilingi sita.

"Angekunywa karibu kila siku," alisema. "Miaka mitano. Na jikoni angefia palepale alipofia. Nilitaka nimwingize ndani mimi. Yeye ndiye aliyetuingiza."

Mwandishi alitaka kumwambia kwamba alitimiza kadiri ya uwezo wake, kwamba nia yake ilikuwa njema, maneno tunayowapa wafiwa. Lakini yeye pia alikuwepo jioni ile, na alipiga mstari. Tuseme ukweli: wengi wetu tungefanya alivyofanya, na tungesifiwa.

Mipango ipo. Kuanzia Oktoba vyumba viwili vya mbele vitapangishwa, safari hii kodi ni yake, shilingi kumi na nane kwa mwezi kwa vyote viwili. Cornel ameomba kurudi. Januari, Melania ataingia darasa la nne. Mwalimu amekubali kumpokea ingawa amechelewa mwaka mzima, na sare imeshashonwa. Michembe itaendelea, kwa sababu wachimbaji hawataacha kula. Familia italala chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama makaburi. Walikuwa wahamie Jumamosi ile, na alipoulizwa kwa nini wamekawia wiki mbili jikoni huku ufunguo anao, alisema alikuwa bado anajizoesha.

Kabla ya mgeni kuondoka aliwaita watoto wake watatu wakae mkekani. Alisema hana mali ya kuwaandikia, karatasi ile ya nyumba ni yao wote sawa. Ana neno moja tu, na alitaka mgeni asikie ili siku moja wasilikane.

"Mimi nikizeeka nikawaomba kitu, nipeni siku hiyohiyo," aliwaambia. "Nyumba nitakayofia nitaikubali yoyote."