Mkono wa Kushoto wa Shangazi

Siku hizi ukitaka ng'ombe wako apandishwe, unapiga simu na kubembeleza. Anakuja kijana na pikipiki, anafanya kazi yake huku simu iko sikioni, halafu huyo, kashaondoka. Jina la ng'ombe haulizi, na akikutana naye kesho njiani hamjui. Sisi tuliokua enzi za Bi Mifugo tunamtazama, tunaguna, tunarudi ndani.

Bi Mifugo alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Serikali ilimwajiri awapandishe ng'ombe wa wananchi kwa mrija, yaani mbegu ya dume bora inawekwa na mkono wa mtu, dume mwenyewe yuko mbali huko anatafuna majani yake. Kwetu alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo, na wanaume walicheka mpaka mbavu zikawauma. Walimbatiza jina la Dume la Serikali. Yeye hakununa. Mtu akimwita hivyo barabarani alijibu, "Lete ng'ombe, usilete maneno," na akapita. Ndama walipoanza kuzaliwa, wakubwa, wenye miguu imara, na majike yao kuja kujaza ndoo za maziwa, kicheko kilikauka chenyewe.

Kila asubuhi alipita barabara ileile. Kando yake palikuwa na vibanio: miti minene iliyochimbiwa pande mbili, ng'ombe akiingia katikati hawezi kugeuka. Mtu akiamka akamkuta ng'ombe wake analia na kuparamia wenzake, alijua yuko kwenye joto, akampeleka kibanioni na kusubiri honi ya pikipiki ya serikali. Alisubiri na chupa ya chai mkononi, ila ndani hamkuwa na chai. Mlikuwa na maji ya uvuguvugu ya kuyeyushia mbegu, maana ilitoka kwenye mtungi wake imeganda kwa baridi, moshi mweupe ukifuka. Watoto tulikuwa tunagombania kusimama karibu na ule moshi.

Na pale kibanioni ndipo habari zote zilipopatikana. Posa zilianzia hapo, majirani waliogombania mpaka wa shamba walipatanishwa hapo, huku ng'ombe akiwasikiliza. Nasema kweli, nikivikumbuka vile vibanio moyo unaniuma. Huduma yenyewe ilikuja kufutwa, miti ikaliwa na mchwa, na mingine watu waliing'oa wakapikia.

Shangazi alivaa glavu ndefu ya kufika begani. Mkono wa kushoto uliingia ndani ya ng'ombe kutafuta njia, wa kulia ulishika mrija. Hapo hakuangalia kitu. Alitazama mbali, mdomo wazi kidogo, na wewe mwenye ng'ombe ulinyamaza kama uko msibani. "Mkono wa kushoto ndio macho yangu," alikuwa akisema. Kwa mkono huo alikwambia ng'ombe ana mimba ya miezi mingapi, na kama joto limeshapita alikuambia pia, hata kama umetembea tangu alfajiri. Hakumpandisha ng'ombe ili kukufurahisha.

Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Aliishi peke yake nyuma ya ofisi ya mifugo, chumba kimoja chenye kitanda, jiko la mafuta ya taa, na mabuti yaliyopangwa mlangoni. Chumba kizima kilinuka dawa ya kuoshea vyombo vya kazi. Jumapili alikuja kwetu kula. Yeye na mama walikuwa mawifi hasa, kutwa wanachokozana. Mama alimwambia ananuka zizi, yeye akamjibu mama kwamba zizi ndilo linalomlisha, na kicheko kilisikika mpaka kwa jirani.

Kicheko hicho kilikoma kwa sababu ya Paji.

Paji alikuwa ng'ombe wa mama, jike jekundu lenye doa jeupe kwenye paji la uso. Babu mzaa mama ndiye aliyempa nilipozaliwa mimi, na hakuna kitu kingine mle nyumbani ambacho mama angeweza kusema ni chake. Paji alizaa vizuri mara kadhaa. Halafu ukaja mwaka akapandishwa, akarudi kwenye joto. Akapandishwa tena, akarudi tena. Mara ya kwanza shangazi alisema ni bahati mbaya. Mara ya pili akasema mama amemleta mapema mno. Safari iliyofuata mama akasubiri, akaambiwa amechelewa. Baadaye ikawa ng'ombe hapewi madini, mama akamnunulia jiwe la chumvi, na Paji akalilamba mpaka likatoboka katikati, asishike mimba.

Baba alimwamini dada yake. Si damu nzito kuliko maji? Akaanza kusema mama hajui kuangalia joto, mama mzembe, mama kazi yake kupiga soga kibanioni. Mama alimweleza kwamba ng'ombe wengi wa barabara ile wanarudi mwaka huo, si Paji peke yake. Baba akamwambia hayo ni maneno ya wifi. Nilimkuta mama jikoni analia, akasingizia moshi, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Sisi sote tulikuwa na macho na hatukuona. Pikipiki ya shangazi ilianza kuzimika kila kona, ikiruka kama sungura kabla ya kutulia, naye akimlaani fundi. Kumbe klachi inashikwa kwa mkono wa kushoto. Kikombe alikuwa akikipokea kwa mkono mmoja tu, wa kulia, nasi tukasema Bi Mifugo siku hizi ana maringo.

Mwishowe baba aliamua Paji auzwe kwa mwenye bucha. Lakini kulikuwa na sheria, nayo wakati ule ilifuatwa: ng'ombe jike hachinjwi mpaka mtu wa mifugo ampime na kutamka kwamba ni tasa. Kwa hiyo baba akamwita dada yake.

Alikuja asubuhi, jua limeshapanda. Mwenye bucha alikuwa amesimama na kamba yake, mtu mnene mwenye maneno mengi. Ukitaka siri ifike kila nyumba, mwambie yeye. Mama alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, khanga mdomoni. Hakumsalimia wifi yake. Paji aliingizwa kwenye kibanio chetu kidogo nyuma ya nyumba, naye akaingia bila ubishi, akidhani anakwenda kukamuliwa.

Shangazi alivaa glavu polepole, akiivuta kwa mkono wa kulia kidole kwa kidole. Akaingiza mkono. Siku zote alikuwa hachelewi, ukipepesa macho amekwishakupa jibu. Siku hiyo alikaa. Paji alihamisha miguu, akatulia. Baba akakohoa.

"Dada, ni tasa, au?"

Neno moja tu lilitakiwa. Angesema ndiyo, Paji angeondoka na kamba, mama angebaki na aibu yake, na Bi Mifugo angeendelea kuwa Bi Mifugo. Nilimwona akimtazama mama. Mama hakuinua uso.

Akautoa mkono.

"Sijui," akasema.

Baba akacheka kidogo. "Hujui vipi tena? Wewe?"

"Mkono huu hausikii. Nimeuingiza humo, ni sawa na kuingiza mwiko. Vidole vilianza kufa ganzi masika ya mwaka jana, sasa ganzi imefika kwenye kiwiko. Wifi hakuwahi wala hakuchelewa. Mimi ndiye nilikuwa nabahatisha, kwake na kwa wengine wote."

Alisema hayo mbele ya mwenye bucha. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa mwekundu wa macho kama baba siku ile. Akaanza kufoka: mwaka mzima unatudanganya, unamwacha mke wangu anatukanwa. Kana kwamba aliyemtukana alikuwa mtu mwingine. Shangazi hakujitetea. Alisimama na glavu yake, ikichuruzika.

Mama akainuka. Nilijua sasa litamwagika lote, na kwa haki ya Mungu alikuwa na haki. Alimsogelea mpaka wakakaribia kugusana. Akauliza, "Na vifungo vya gauni unavifungaje?"

Shangazi akatazama chini. "Sivifungi."

Alikuwa amevaa koti la kazi, na jua lile lilikuwa kali. Mama akalifungua. Gauni ndani lilikuwa wazi tangu kifuani, limeshikizwa kwa pini mbili zilizopinda, na ngozi chini ya pini ilikuwa imechubuka. Mwanamke aliyejua matumbo ya ng'ombe wote wa barabara ile hakuwa na mtu wa kumfunga gauni.

"Mficha maradhi, wifi," mama akasema, na hakuimaliza methali. Alikuwa tayari anamfunga vifungo.

Mwenye bucha alikunja kamba yake, akaondoka bila kuaga. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika kila mahali, lakini shangazi hakusubiri imtangulie. Kesho yake alikwenda mwenyewe kumwambia mkuu wake. Akarudisha pikipiki. Kisha akatembea kwa miguu, kibanio kwa kibanio, akiwaambia watu kwa mdomo wake kwamba ng'ombe wao hawana kasoro, na mama alikwenda naye. Wako waliomsamehe palepale. Wako waliomtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana ng'ombe wao walikuwa wameshaliwa. Maneno hayo alirudi nayo nyumbani, akakaa nayo. Hospitali walimwambia mishipa ya bega imesagika kwa miaka ya kazi ile, na haitarudi.

Alihamia kwetu. Kwa wiki kadhaa alikaa tu barazani, akisikiliza pikipiki za watu. Mama alimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, naye akamjibu kwamba mhunzi hashiki chuma cha moto kwa meno. Ulikuwa utani wao wa kwanza baada ya siku nyingi. Baba hakuomba msamaha kwa maneno; hajui. Alianza kumchotea Paji maji yeye mwenyewe, na mama alimwacha achote.

Paji alipoingia tena kwenye joto, alikuja mpandishaji wa tarafa jirani, mwanamume mwembamba ambaye shangazi alizoea kumwita Bwana Haraka. Shangazi alisimama kichwani kwa Paji, akimkuna nyuma ya masikio, na kumwambia yule bwana kwamba ndani njia inapinda, asilazimishe. Bwana Haraka hakulazimisha. Joto lililofuata tulilisubiri nyumba nzima, tukaamka kabla ya jogoo kumsikiliza Paji kama atalia. Hakulia. Lakini ng'ombe anaweza kunyamaza kwa sababu nyingi, na mama alikatazwa kufurahi.

Muda wa kupima mimba ulipofika, Bwana Haraka alirudi. Alikuwa ameshafungua mfuko wa glavu shangazi alipomwomba moja. Tulidhani anataka kumsaidia kuivaa. Akaivaa mwenyewe, kwa kusaidiwa na meno, kwenye mkono wa kulia.

Tangu aanze kazi hakuwahi kuingiza mkono wa kulia. Mama alishika mkia wa Paji, akauweka pembeni. Shangazi aliingia polepole, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akaenda tena, kama mtu anayepapasa kwenye nyumba yake mwenyewe taa imezimika. Jasho lilimtoka. Mara mbili alitikisa kichwa, na mara zote mbili mama alifumba macho. Bwana Haraka alitazama saa yake, akairudisha mfukoni.

Halafu bega la shangazi likatulia. Akatazama mbali, mdomo ukafunguka kidogo.

"Wifi," akasema. "Yupo."

"Una hakika?"

"Yupo. Mdogo, lakini yupo. Nimemsikia."

Mama aliachia mkia, akaegemeza kichwa kwenye lile bega bovu, akalia kwa sauti. Shangazi naye alilia, mkono bado umo ndani. Bwana Haraka aliuliza kama amalizie yeye.