Safari ya Kumtafutia Mama Nafasi ya Madamu

Uvumilivu wangu uliishia Newburg, hapa Louisville, Marekani, ndani ya ukumbi wa kanisa. Eliya, kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo, alimvua mama yangu kofia ya Madamu, yule mke wa mzungu katika mchezo wetu, mbele ya watu wote, akamvika kijana mwenye ndevu.

“Bon, mama, usikasirike,” alisema, akichomeka Kifaransa chake. “Tumepata video ya kambini. Madamu ni mwanaume. Donc tunafuata asili.”

Mama akaenda kukaa nyuma. Miaka yote ya kambi ya wakimbizi, kule Tanzania, Madamu alikuwa yeye. Onyesho lilikuwa wiki iliyofuata.

“Asili gani unayoijua wewe?” nilimwambia Eliya. “Nakwenda kuwauliza wazee wenye mchezo.”

Ijumaa sikuwa na zamu ghalani. Nilimfunga mwanangu kwenye kiti chake cha gari, nikashika barabara ya Columbus. Mvua, malori, na mtoto alilia mpaka Cincinnati.

Columbus, mchana, Mzee Zakaria, tuliyekuwa naye kambini, alinipokea kwa ugali na dagaa. Baba yake alizaliwa kwenye makazi ya vibarua wa shamba la kahawa la Wabelgiji, Burundi, na mchezo ulianzia huko. Wanawake waliomfulia nguo mke wa bwana shamba walimwigiza mtoni: anavyoziba pua, anavyonusa maziwa, anavyowaita wote kwa jina moja. Vibarua wakataka uchezwe uwanjani Jumapili, wazungu wamekaa mbele.

“Sasa nani angesimama pale?” Mzee aliuliza. “Dobi wake? Kesho hana kazi! Wakamweka mwanaume awakinge. Na Madamu mwenyewe alicheka mpaka machozi, hakujua ni yeye anayeigizwa.”

“Kwa hiyo Eliya ana haki?”

“Haki ya nini? Wazungu walishaondoka. Kambini mama yako alipopanda jukwaani, tulisema aha, huyu sasa ndiye.”

Jumamosi jioni nilifika Buffalo, theluji imerundikwa kando ya njia. Mwanaume wa kwenye video, Mzee Zakaria alivyonielekeza, ni Baba Yohana anayeishi huko, na nilimkuta jikoni anamenya viazi. Sikuzunguka. Nilimuuliza kwa nini alichukua nafasi ya mama.

Aliangua kicheko, akamwita mkewe. “Njoo umwone aliyenitia aibu!” Kisha akanigeukia. “Siku wageni walipokuja na kamera, mama yako alikuwa leba. Anakuzaa wewe, binti yangu! Nilivaa kofia dakika ya mwisho, nusu ya maneno nimesahau. Watu wakanizomea: turudishie Madamu wetu!”

“Mbona kwenye video hawasikiki?”

“Mwenye kamera alizima. Aliona haya kwa niaba yangu.”

Jumapili nilirudi, njia ndefu, mtoto amelala. Nilichojifunza ni kwamba asili anayoitetea Eliya ni dharura ya siku moja, na nyuma ya hiyo kuna woga wa kufukuzwa kazi.

Jumanne nilisimama mbele ya baraza la wazee wa kanisa, nikasoma malalamiko yangu kwa sauti, kisha nikayakabidhi:

“Namlalamikia kiongozi wa maigizo kwa kumwondoa mama yangu bila kumuuliza neno. Zamani mwanaume aliicheza nafasi hii ili mwanamke asifukuzwe. Leo mwanamke amefukuzwa ili mwanaume aicheze. Naomba mama arudishiwe nafasi yake kabla ya onyesho. Na aombwe yeye mwenyewe, mbele ya kikundi kizima. Msinitume mimi kumwomba.”