Oil Inapanda Badala ya Kushuka

Oil ya injini haipandi. Hiyo Dalmas alikuwa anaijua vile anajua jina la mamake. Miaka sita aliendesha pikapu ya maziwa kule Kitale, dizeli kuukuu iliyokunywa oil kama mlevi, na kila asubuhi kabla ya kuwasha alivuta kile kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akaangalia. Imeshuka, anaongeza. Haijashuka, anashukuru Mungu. Kupanda? Ipande iende wapi?

Sasa ebu fikiria. Ni 2016, Dalmas ako Riyadh, dereva wa nyumbani, amesimama uani na kijiti mkononi. Oil imepita alama ya juu. Mwezi uliopita ilikuwa chini ya alama. Wiki iliyopita ilikuwa kwa alama. Na hakuna mtu ameongeza hata tone!

Akanusa. Ikanuka dizeli.

Alifunga boneti kwa kuikalia polepole isilie, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kuifungua. Gari ilikuwa four-wheel mpya, nyeupe, dizeli ya kisasa, na siku ilipoletwa, bosi wake, ambaye wafanyakazi walimwita baba, alimsimamishia kidole usoni.

"Dalmas! Boneti mafi, hakuna kufungua! Waranti miaka mitano. Wewe gusa, waranti halas, imekwisha. Kila kitu wakala wa gari!"

"Sawa, baba."

Sawa ya mdomo. Mkono je? Kuwasha dizeli bila kuangalia oil, kwa Dalmas, ni kama kula bila kunawa. Kwa hivyo kila alfajiri, baba akienda msikitini, Dalmas alikuwa chini ya boneti kama mwizi. Na ndio maana sasa alikuwa anajua kitu ambacho hakutakiwa kujua.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Wiki tatu tu mkataba wa miaka miwili uishe, aende akaone mtoto wake Joy, aliyemwacha akitambaa na sasa anaongea kwa simu kama chiriku. Lakini pasipoti iko kwa kabati ya baba, na kafili, yaani bosi aliyekudhamini, asipokubali, mtu hatoki Saudia. Haya, uharibu gari ya kafili wiki tatu kabla ya safari, halafu uone kama utasafiri.

Alimwambia Truphena, dada wa Bungoma aliyefanya kazi ndani ya nyumba, wakikutana mlangoni kwa jikoni.

"Ni jini linakuongezea," Truphena akasema, anamenya vitunguu. "Liambie likuje liniongezee usingizi pia."

"Dada Tru, mimi siko kwa mchezo."

"Hata mimi siko. Mwambie baba."

"Nimwambie niliona aje, na boneti nimekatazwa?"

Truphena akapangusa macho. Akaendelea na vitunguu.

Usiku huo Dalmas alimrekodia sauti Titus, jamaa wa kwao aliyekuwa fundi kwa gereji moja huko Jeddah. Jibu likaingia haraka sana, na hilo peke yake lilimtisha.

"Wewe! Huwa unaacha gari ikinguruma imesimama?"

Sasa hilo ni swali? Riyadh kila dereva anaacha. Joto la digrii arobaini na sita, madam, mke wa baba, ako kwa moli masaa matatu, na akitoka na watoto wanataka kukuta gari baridi kama friji. Madam mwenyewe ndiye alisema AC isizimwe. Dalmas alikuwa anakaa humo ndani kila siku, injini imewashwa, anaangalia picha za Joy.

"Basi ndio hiyo," Titus akasema. "Hizi dizeli mpya ziko na chujio la moshi kwa eksozi. Linajisafisha gari ikikimbia. Ikisimama tu hivyo, linajaribu, injini inamwaga dizeli zaidi, halimalizi, na hiyo dizeli inateremka kwa oil. Ndugu yangu, nisikie. Oil ikijaa sana injini itaanza kuivuta na kuichoma. Hapo utatoa ufunguo, utie mfukoni, na haitazimika. Peleka wakala kesho!"

Dalmas alisikiza hiyo sauti mara nne.

Asubuhi alimkuta baba akinywa gahawa. "Baba, samahani. Gari, naomba tupeleke wakala."

"Kwa nini? Taa imewaka?"

Taa haikuwa imewaka. Dashibodi ilikuwa safi kama uso wa mtoto.

"Hapana, baba. Nasikia tu... iko nzito."

"Nzito!" Baba akacheka mpaka kikombe kikatikisika. "Sevisi bado kilomita elfu tatu. Wewe dereva, si injinia. Alhamisi peleka madam na watoto Jeddah, kwa dadake, mtaa wa Al-Hamra. Mimi nitakuja na ndege. Haya, yalla."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno yalikuwa yamefika kwa meno kabisa: baba, mimi hufungua boneti, nimeona. Akafikiria pasipoti. Akameza.

Alhamisi wakatoka, madam mbele, nyuma yake watoto wawili wanaopigania tableti, Truphena nyuma kabisa na mifuko. Karibu kilomita elfu moja. Dalmas hakuona jangwa, hakuona ngamia. Macho yake yalikuwa kwa mshale wa mizunguko ya injini. Kila mlima mdogo alikuwa anatoa mguu taratibu.

"Mbona unaendesha kama umebeba mayai?" Truphena akamuuliza kwa Kiswahili, madam haelewi kitu.

"Nimebeba watoto."

Truphena akainama mbele. "Bado inapanda?"

"Leo sikuangalia. Niliogopa."

Miaka nane ya kuendesha, na ndiyo ilikuwa asubuhi ya kwanza hajavuta kijiti.

Walikuwa wanakaribia Taif, saa tisa mchana, mlima mrefu, alipotoa mguu kwa mafuta na injini haikushuka. Ikapanda. Yaani mguu uko hewani na mshale unakwenda: elfu tatu, elfu nne. Gari ikaruka mbele kama imepigwa teke. Madam akapiga kelele. Dalmas akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, akaivuta gari kando ya barabara ikitetemeka, akaweka gia ya kuegesha, akazima.

Haikuzimika.

Ufunguo alikuwa nao mkononi! Injini inalia kama mnyama, sauti inazidi kuwa nyembamba, na nyuma moshi mweupe umefunika barabara mpaka malori yanapiga honi bila kuonekana.

"Tru! Watoto! Toa watoto, kimbia nao mbali!"

Truphena alibeba mmoja, akaburuta mwingine, madam anakimbia na kiatu kimoja. Dalmas akafungua boneti. Alijua kabisa nyuma yake kuna watu wanaona vile anaifungua bila hata kutafuta kishikio. Akang'oa bomba kubwa la kuingiza hewa, klipu ikakatika, akarudi ndani akanyakua ule mkeka wa mpira wa miguuni, akaukandamiza kwa mdomo wa bomba na mikono yote miwili. Ukanyonywa kwa nguvu, kidogo uende na vidole. Dizeli haina plagi za kuzima. Ni kuinyima pumzi tu. Injini ikakohoa. Ikatikisa gari yote. Ikafa.

Madam akarudi na kile kiatu kimoja. Alimwangalia Dalmas, si gari.

"Nani alikufundisha kufungua?" akauliza.

Gari ilibebwa juu ya lori la kuvuta mpaka Jeddah. Siku ya pili Dalmas alikuwa kwa ofisi ya wakala, mikono bado myeusi, na baba, madam akiwa ameshamweleza kwa simu, akaingia moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Kwa mfuko wa kifua wa kanzu yake nyeupe kulikuwa na kitu cha bluu. Pasipoti ya Kenya. Dalmas akarudi nyuma hatua moja. Mtu anasafiri na pasipoti yako akupeleke wapi? Polisi ama?

Injinia wa wakala, Mmisri mmoja mwenye miwani, hakupoteza wakati. "Bomba limeng'olewa. Oil imezidi lita mbili. Kuna mtu aliongeza. Mtu akiongeza oil, hakuna waranti."

Baba akageuka polepole. "Uliongeza?"

"Hapana, baba! Wallahi!" Mkristo mzima anaapa hivyo kwa hofu.

"Unajuaje hakuna mwingine aliyeongeza?"

Hakukuwa na mlango mwingine. "Kwa sababu niliiona ikipanda yenyewe. Kila asubuhi nilikuwa nafungua. Ilinuka dizeli. Ipimeni, mtakuta ni dizeli."

Injinia akavua miwani. Hilo, akasema, linapimika. Kama ni dizeli, basi ni mambo ya chujio, na waranti inalipa. Akaondoka na kichupa cha hiyo oil.

Dalmas akapumua kwa mara ya kwanza. Mapema sana.

"Nilikukataza," baba akasema. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Ndiyo, baba."

"Si hiyo. Ufungue, usifungue, hiyo ni chuma. Uliona?"

"Niliona."

"Ukajua?"

"Nilijua, baba."

"Na ukawaweka watoto wangu ndani."

Dalmas akaangalia mikono yake. Kwa siku zote hizo alikuwa ameogopa baba, ameogopa injini, ameogopa kukosa ndege. Hao watoto alianza kuwaogopea wakiwa tayari barabarani.

Baba akatoa simu, akabonyeza kibali cha kutoka nchini, akangoja, akabonyeza tiketi. Halafu akatoa ile pasipoti na kuiweka juu ya meza katikati yao.

"Umeokoa watoto, ndio maana polisi mafi. Ulinyamaza, ndio maana dereva mafi. Ndege ni leo jioni, hapa hapa Jeddah. Halas."

Jioni hiyo, Dalmas akiwa uwanja wa ndege, Truphena alimpigia simu. "Sanduku lako liko Riyadh! Nguo za Joy, wanasesere, kila kitu!"

"Acha likae."

"Sasa mtoto utampelekea nini?"

Dalmas akaangalia shati lake, jeusi, linanuka dizeli mpaka mama wa kiti cha pili amesogea. Akaanza kucheka, kicheko kikakatika katikati.

"Dada Tru," akasema, "wakileta dereva mpya, mwambie kila kitu. Usingoje akuulize."