Siku Niliyoliliwa Nikiwa Hotelini

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu mwingine akatia chumvi: mimi ndiye yule mwanamume aliyeliliwa msiba kule Wundanyi akiwa mzima, amekaa hotelini, andazi mdomoni.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa kibarua wa reli hapo Voi, nikapanda milimani kwa likizo ya wiki mbili, nikakuta binti yangu Wakesho, wa miaka saba, ameanza shule na shule imemshinda. Kila asubuhi tumbo linamuuma, uji haushuki, mikono baridi kama ya chura, na akifika mlangoni mwa darasa anang'ang'ania nguo ya mamake. Jumapili tumbo haliumi! (Mimi nikasema ni ujanja, nikataka kumnywesha mafuta ya mbarika.)

"Basi mpeleke wewe," mke wangu akasema.

Nikampeleka. Tukakubaliana nikae nje, chini ya dirisha, ili kila akiinua macho aone kofia yangu ya pama. Siku mbili mambo yakaenda vizuri. Lakini mimi ni mtu wa reli, nimezoea kukimbizwa na filimbi. Kukaa juu ya jiwe asubuhi nzima nikisikiliza ba be bi bo bu, miguu ilikuwa inaniwasha, nasimama, nakaa, nahesabu mabati, na siku ya tatu ilikuwa siku ya soko, nasikia watu wakipita wakicheka, basi shetani akaniambia: mtoto hakuoni wewe, anaona kofia.

Nikachomeka fimbo ardhini, nikaivika kofia, nikainama kama mwizi wa kuku, huyoo, nikaenda zangu chai.

Hata kikombe cha pili sijamaliza, nikasikia mayowe. Wanawake wameshika vichwa, wanakimbia kuelekea shuleni. Na mimi (mtu mwema!) nikatoka mbio kusaidia, nikamkamata mzee mmoja.

"Nani amekufa?"

Akanitazama, akarudi nyuma hatua mbili. "Wewe!"

Kumbe mbuzi wa jirani ameing'ata ile pama, anaivuta na kuitafuna, na Wakesho kule ndani anaona kichwa cha babake kinayumba, kinayumba, halafu kinazama. Akapiga kelele, "Baba analiwa!" Wenzake hawakungoja kuangalia kinacholiwa, walitoka mlangoni moja kwa moja hadi sokoni, wakilia kwamba baba yake Wakesho ameliwa.

Nilipofika, uwanja wa shule umejaa watu, mke wangu amekuja na jembe (sijui la kumuua mbuzi ama la kunizika), wote wakaniangalia kichwa wazi, makombo kwenye ndevu. Halafu wakacheka. Na mimi nikacheka, nionekane mmoja wao, mpaka Mwalimu Eliza, mama mpole anayefundisha wadogo, aliponivuta shati akaniingiza darasani.

Wakesho alikuwa chini ya dawati, anahema, jasho linamtoka, analia kwa kwikwi. Kicheko kikanikauka.

Mwalimu aliketi sakafuni kando yake. Hakumwambia nyamaza. Alimuuliza, "Hofu yako inakaa wapi?"

Akagusa tumbo. "Hapa. Inaruka kama panzi."

"Puliza polepole, kama unapoza uji. Tena. Imetulia?"

"Kidogo."

Kisha mwalimu akanigeukia. "Baba Wakesho, huyu hajawahi kudanganya juu ya tumbo lake. Aliyedanganya ni nani?"

Nikapiga magoti, mwanamume mzima, nikamwambia mwanangu nimekosa, niliondoka bila kumwambia. Akaniuliza neno moja tu: "Na kesho pia utaacha kofia?"

Hilo liliniuma kuliko vicheko vyote.

Asubuhi yake nikamwambia ukweli: sitakaa dirishani, nitamwacha langoni, na kengele ya kwenda nyumbani ikilia atanikuta hapo hapo. Alilia. Tukapuliza pamoja, akaenda hatua chache, akasimama, akapuliza peke yake, akaingia. Hofu haikuisha siku hiyo wala mwezi huo, panzi alirudi mara nyingi, lakini sasa Wakesho alijua ni panzi tu. Mimi nilizunguka barabarani kama kuku anayetaka kutaga, na kengele haijalia nishafika langoni.

Watu wa soko wakaniita Marehemu mpaka likizo ikaisha, na wako wanaoniita hivyo hadi leo. Nimekubali. Lakini tangu siku ile sijamtoroka mtoto tena, hata kwa nia njema, na hata nikiinuka kwenda chooni, naaga.